Mto Ruzizi unaelekea wapi? Swali la ramani lililosumbua wazungu miaka 13

UVIRA, KIVU YA KUSINI – Muulize mtoto yeyote wa Kavimvira mto Ruzizi unatoka wapi na unaingia wapi. Atakujibu bila kufikiri: unatoka Bukavu kwenye ziwa Kivu, unashuka Kamanyola, unapita kando ya Luvungi na Sange, halafu unaingia Tanganyika. Wavuvi wa ndakala wanajua zaidi ya hapo. Wakati wa mvua maji ya ziwa karibu na mlango wa mto yanageuka rangi ya udongo, na magugu yanayoelea yanasukumwa kwenda ziwani. Hakuna aliyewahi kuyaona yakipanda kuelekea Kamanyola.

Lakini kati ya mwaka 1858 na mwaka 1871, swali hilo dogo liligawanya wasomi wakubwa wa Uingereza. Waliandika vitabu, wakachora ramani, wakagombana hadharani. Wengine walisema Ruzizi unaingia ziwani, wengine wakasema unatoka. Historia hiyo inafaa kujulikana na wakaaji wa Uvira, maana inaonyesha ramani inatengenezwa namna gani na inakosea wapi. Tena ramani yenye makosa inaweza kumfanya mtu ajenge nyumba mahali ambapo maji yatarudi.

RAMANI NI KITU GANI?

Ramani ni picha ya inchi iliyopunguzwa, kama anavyoiona ndege akiwa juu. Ili iweze kutumika, inahitaji mambo manne.

La kwanza ni mwelekeo. Kwa kawaida kaskazini inawekwa juu ya karatasi. Kwa hiyo kwenye ramani ya Kivu ya Kusini, Bukavu iko juu, Uvira iko chini yake, na Fizi chini zaidi.

La pili ni kipimo. Ramani ikiandikwa 1/200 000, maana yake sentimeta moja kwenye karatasi ni kilometa 2 kwenye udongo. Kutoka Uvira mpaka Bukavu, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilometa 100. Kwenye ramani hiyo ni sentimeta 50, yaani nusu meta. Kwenye ramani ya Kongo nzima ya 1/5 000 000, safari hiyo hiyo inabaki sentimeta 2 tu. Ndiyo sababu mito kama Mulongwe na Kalimabenge haionekani kwenye ramani ya inchi nzima: mito iko, lakini karatasi haina nafasi.

La tatu ni mahali penyewe. Dunia imezungushiwa mistari ya kufikirika. Mistari ya latitudo inahesabu umbali kutoka ikweta kwenda kaskazini au kusini. Mistari ya longitudo inahesabu umbali kutoka Greenwich, kule Uingereza, kwenda mashariki au magharibi. Uvira iko karibu digrii 3 na dakika 24 kusini mwa ikweta, na digrii 29 na dakika 8 mashariki mwa Greenwich. Namba hizo mbili zikitajwa pamoja, hakuna mahali pengine duniani panapoweza kudai kuwa Uvira.

La nne ni mwinuko, yaani kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Watu wengi hulisahau jambo hili, na ndilo lililowatesa wapelelezi wa karne ya 19.

WAGENI WAWILI NDANI YA MITUMBWI

Mwezi wa pili mwaka 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika ziwa Tanganyika upande wa Ujiji. Walitokea pwani, wakifuata njia ya misafara ya Waarabu na Waswahili. Burton alikuwa mgonjwa kiasi cha kubebwa, na Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho. Walichotafuta ni chanzo cha mto Nile.

Walisikia kwamba upande wa kaskazini wa ziwa kuna mto mkubwa. Kama mto huo unatoka ziwani na kuelekea kaskazini, basi huenda Tanganyika ndiyo mama wa Nile, na sifa yote ingekuwa ya Burton. Kama unaingia ziwani, tumaini hilo limekwisha.

Speke alikuwa ametangulia kuvuka ziwa mpaka kisiwa cha Kasenge, akaongea na mfanyabiashara mmoja Mwarabu, Hamid bin Sulayyim. Alirudi na furaha: mto unatoka ziwani! Lakini maneno hayo yalikuwa yamepita njia ndefu. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu vya kutosha. Alitegemea mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaishi India, na aliyeongea na Speke kwa Kihindustani. Baadaye Bombay mwenyewe alisema kwamba Speke hakuelewa vizuri: yule Mwarabu alikuwa amesema mto unaingia. Tofauti kati ya kutoka na kuingia ilipotea katikati ya lugha hizo.

Mwezi wa nne mwaka 1858 Burton na Speke wakapanda mitumbwi mpaka Uvira. Wakati huo Uvira palikuwa mwisho wa biashara ya kaskazini mwa ziwa. Pembe za ndovu na watumwa vilipita hapo. Vijana watatu, wana wa sultani Maruta, wakaja kuwasalimia. Wakaulizwa kuhusu mto. Wote watatu wakajibu jambo moja: Ruzizi unaingia ziwani. Watu wengine waliokuwepo wakasema vile vile.

Wapiga kasia walikataa kuendelea mbele kwa kuogopa watu wa kaskazini. Kwa hiyo Burton na Speke walirudi Ujiji bila kuona mlango wa mto kwa macho yao, ingawa ulikuwa karibu. Walibaki na ushuhuda wa wenyeji peke yake.

KIPIMA-JOTO KILICHODANGANYA

Hapo ndipo mwinuko unapoingia katika habari hii. Maji hayapandi mlima. Ukijua kimo cha ziwa na kimo cha mahali mto unapopita, utajua mto unaelekea wapi hata kama hujauona. Lakini porini, bila vyombo vya leo, kimo kilipimwaje?

Walichemsha maji. Mama yeyote aliyepika maharage Uvira, kisha akapika maharage ya aina ile ile kule Bukavu au kwenye milima ya Minembwe, anajua kwamba juu yanachelewa kuiva. Sababu ni kwamba kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka mapema, kabla ya kufika digrii 100. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, kiwango cha kuchemka kinashuka karibu digrii moja. Kando ya Tanganyika maji yanachemka kwenye digrii 97 na kitu. Bukavu ni karibu 95.

Kwa hiyo mpelelezi aliweka sufuria motoni, akatia kipima-joto, akasoma namba, akafanya hesabu. Lakini vyombo vizuri vya Burton na Speke vilikuwa vimeharibika njiani, na kile kilichobaki hakikuwa cha kuaminiwa. Speke akapata kwamba ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha futi 1 844, yaani karibu mita 560. Ukweli ni karibu mita 773. Kosa la chini ya digrii moja kwenye kipima-joto lilizamisha ziwa zima zaidi ya mita 200 kwenye karatasi.

Longitudo nayo ilikuwa na taabu yake. Ili kuijua, msafiri alihitaji saa inayobeba wakati wa Greenwich bila kukosea, halafu aulinganishe na wakati wa jua mahali alipo. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa moja, sawa na digrii moja kwa dakika 4. Saa ikichelewa dakika 4 tu, mji unahama karibu kilometa 111 kwenye ramani. Na saa hizo zilibebwa kichwani na wapagazi, zikaloweshwa na mvua, zikaanguka mitoni, zikasimama.

UGOMVI WA LONDON

Waliporudi Ulaya, marafiki wawili wakawa maadui. Speke alidai kwamba Nile inatoka kwenye ziwa alilolipa jina la Victoria. Burton alikataa. Mwaka 1864 walipangiwa mjadala mbele ya wasomi kwenye mji wa Bath, tarehe 16 Septemba. Siku moja kabla, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

Mwaka huo huo Samuel Baker alifika ziwa Albert. Burton sasa akabadili maneno. Yeye aliyesikia kwa masikio yake huko Uvira kwamba Ruzizi unaingia ziwani, akaandika kwamba huenda Ruzizi unatoka Tanganyika na kwenda mpaka ziwa Albert, na kutoka hapo kuwa Nile. Waliomuunga mkono walisema namba ya Speke ya mita 560 haiaminiki, na Tanganyika inaweza kuwa juu kuliko Albert.

Hapo kuna funzo kwa kila anayesoma ramani. Waliosema hivyo walikuwa na haki kuhusu namba: Tanganyika kweli iko juu kuliko ziwa Albert, ambalo liko karibu mita 620. Lakini walikosea kuhusu mto, kwa sababu hawakujua kilichoko katikati. Katikati kuna ziwa Kivu, kwenye mita 1 460, na nyuma yake kuna volkano za Virunga zinazofunga njia ya kaskazini. Kutoka Kivu mpaka Tanganyika Ruzizi unashuka karibu mita 690 kwa safari ya kilometa 117 hivi. Mteremko huo ndio unaozungusha mashine za umeme za Mururu. Maji yangekuwa yanakwenda kaskazini, Bukavu na Uvira zisingepata umeme kutoka mto huo.

Hatimaye mwezi wa 11 mwaka 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley, baada ya kukutana Ujiji, walipanda mtumbwi pamoja kwenda kaskazini. Waliingia kwenye mlango wa Ruzizi wenyewe na kuona mkondo ukiwasukuma nyuma, kuelekea ziwani. Swali likaisha. Wana wa Maruta walikuwa wamesema kweli, na iliwachukua wasomi miaka 13 kukubali.

Katika safari hiyo hiyo, chifu mmoja wa kaskazini mwa ziwa, jina lake Ruhinga, aliwaeleza kwamba Ruzizi unatokea upande wa ziwa linaloitwa Kivo. Stanley aliliandika jina hilo. Mzungu wa kwanza kufika kwenye ziwa Kivu, Mjerumani von Götzen, alifika mwaka 1894. Kwa muda wa miaka 23 habari ya kweli ilikuwa kitabuni, na ilikuwa imetoka mdomoni mwa mwenyeji.

LUALABA NAYO

Kosa la aina hiyo lilitokea pia upande wa Maniema. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 na kuona Lualaba, mto mpana unaokwenda kaskazini, aliamini kwamba ameona Nile. Alikufa mwaka 1873 akiwa na tumaini hilo. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe akapima kimo. Akakuta Lualaba pale iko chini kuliko Nile ilivyo Gondokoro, mbali sana upande wa kaskazini. Mto hauwezi kushuka kwenda juu. Basi Lualaba haikuwa Nile. Stanley alihakikisha kwa kuufuata mto wenyewe: aliondoka Nyangwe mwishoni mwa 1876 na kufika Boma mwezi wa 8 mwaka 1877. Lualaba ilikuwa mto Kongo.

KALAMU YA MWAKA 1885

Kama makosa hayo yangebaki vitabuni, yasingemuumiza mtu. Lakini ramani zikaingia mikononi mwa wenye nguvu. Mkutano wa Berlin ulianza tarehe 15 Novemba 1884 na kumalizika tarehe 26 Februari 1885. Tarehe 1 Agosti 1885 dola la mfalme Léopold wa Pili lilitangaza mipaka yake. Upande wetu, mpaka ulikuwa mstari ulionyooka: kuanzia ncha ya kaskazini ya Tanganyika mpaka mahali ambapo longitudo ya 30 mashariki inakutana na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini. Kutoka hapo ulifuata ile longitudo ya 30 kwenda kaskazini.

Mtu akichukua ramani ya leo na rula, ataona mstari huo haufuati Ruzizi wala haugusi ziwa Kivu. Unapita mashariki ya vyote viwili na kukata Rwanda. Waliouchora hawakuwa wamefika huko. Rula ilipita juu ya milima, makaburi na mashamba ya watu ambao hawakujua kwamba kuna karatasi kama hiyo.

Wajerumani walipofika na kuyaona maziwa na milima, walikataa mstari huo na kutaka mpaka ufuate Ruzizi na Kivu. Ubishi uliendelea miaka mingi, na askari wa pande mbili wakakaa wakitazamana. Mkataba ulipatikana Brussels mwaka 1910: mpaka ukafuata Ruzizi na kupita katikati ya ziwa Kivu, na kisiwa cha Idjwi kikabaki upande wa Kongo ya Wabelgiji. Safari hii wachoraji waliijua ardhi vizuri zaidi. Hata hivyo wakaaji wa pande zote mbili hawakuulizwa, wala mwaka 1885 wala mwaka 1910. Familia zilizovuka mto kwenda kuoa, kulisha ng'ombe au kuuza sokoni ziliamka siku moja zikiambiwa kwamba ng'ambo ni ugenini.

ZIWA LINAKUMBUKA

Kuna sehemu moja ya historia hii inayowahusu wakaaji wa Uvira wa leo kuliko zote. Mwaka 1874 Cameron aligundua kwamba maji ya Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, mahali ulipo mji wa Kalemie. Stanley alipoukagua mwaka 1876 aliukuta umezibwa na udongo na majani, maji hayapiti vizuri. Ziwa lilikuwa limejaa. Miaka michache baadaye kizuizi kilivunjika, maji yakakimbilia Lualaba, na kabla ya mwisho wa karne ile ziwa likashuka takriban mita 10.

Mita 10 ni kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Maana yake ni kwamba sehemu za chini za ufuko, ambako leo kuna viwanja, makanisa na maduka, zilikuwa ndani ya maji wakati ule. Ziwa lilipanda tena sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa mvua nyingi. Mwaka 2021 na mwaka 2024 lilipanda tena, na familia nyingi za Uvira, Kalemie na Bujumbura zikahama nyumba zao zikiwa zimesimama majini. Upande wa mlimani, mwezi wa 4 mwaka 2020, Mulongwe ulifurika ukaua watu wengi na kubomoa nyumba kwa maelfu.

Picha za satelaiti siku hizi zinaonyesha kila paa la Uvira. Lakini picha iliyopigwa wakati wa kiangazi haionyeshi maji yalifika wapi wakati wa mafuriko, wala njia ya zamani ya mto kabla haijafunikwa na nyumba. Habari hiyo iko kwa wazee wa Kalundu, wa Kasenga na wa Kavimvira, kama zamani ilivyokuwa kwa wana wa Maruta. Wazee walioona maji ya miaka ya 1960 wanapungua kila mwaka, na wengi hawajawahi kuulizwa na mtu mwenye kalamu.

Kuandika habari hiyo hakuhitaji mashine kubwa. Mwalimu wa jiografia na wanafunzi wake wanaweza kuchora mtaa wao kwenye karatasi, kaskazini juu, kwa kipimo cha sentimeta moja kwa mita 50, wakiweka barabara, mifereji na mito. Kisha watembee na mzee mmoja, wamuulize kila mahali: maji yalifika hapa? mwaka gani? mto ulipita wapi zamani? Kila jibu lipate alama yake na mwaka wake. Karatasi hiyo ikifikishwa ofisi ya mji, wanaopima na kugawa viwanja hawatakuwa na sababu ya kusema kwamba hawakujua.

Na anayetaka kununua kiwanja karibu na ziwa au mto, kabla ya kutoa pesa, aulize mambo matatu: kiwanja kiko kimo gani juu ya maji ya leo, mto wa karibu ulipita wapi zamani, na maji yalifika wapi mara ya mwisho. Muuzaji akishindwa kujibu, mnunuzi abishe hodi kwa mzee wa jirani.